Maharamia au wakulima?

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mhadhiri wetu wa historia alitugawia fotokopi ya kurasa chache za Periplus, mwongozo wa safari za baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina. Hakuna maandishi ya kale zaidi yanayoieleza pwani yetu kwa urefu ule. Yeye aliiita Azania. Fotokopi ilikuwa ya tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Schoff ya mwaka 1912, na ilipofika Rhapta, soko la mwisho upande wa kusini, ilisema wenyeji wa huko ni watu wa miraba minne wenye tabia za kiharamia. Tukaandika madaftarini: maharamia. Nikaliandika tena kwenye mtihani, nikapewa maksi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni Ulaya, nilifungua tafsiri ya Lionel Casson ya mwaka 1989. Sentensi ileile, watu walewale, miili mikubwa ileile. Ila sasa ni wakulima.

Nililala na swali hilo siku kadhaa, kisha nikaenda kujiandikisha darasa la Kigiriki cha kale.

Jibu lenyewe linaumiza kwa udogo wake. Nakala kongwe ya kitabu kile, iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 10, imehifadhiwa Heidelberg, Ujerumani. Mahali pale pana neno horatoi, yaani “wanaoonekana”, na haliingii akilini katika sentensi ile. Wataalamu wakaona mnakili aliteleza, wakajaribu kulirekebisha. Mmoja akaona maharamia. Mwingine akaona arotai, walimaji, neno lililo karibu sana na lile lililoandikwa. Mimi naegemea kwa walimaji, kwa sababu za herufi tu. Lakini kinachonikera ni kwamba babu zetu wamebishaniwa hivyo kwa muda mrefu, na sisi tumekaa nje ya mlango tukisubiri kuambiwa ni akina nani.

Ndiyo maana nasema Kigiriki na Kilatini vifundishwe katika vyuo vikuu vyetu. Vifundishwe kwa Kiswahili, moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza.

Najua pingamizi. Lugha hizi zimebeba harufu ya ukoloni, na harufu hiyo ipo kweli. Rais Kamuzu Banda alipofungua shule ya Kamuzu Academy kule Malawi mwaka 1981, Kilatini na Kigiriki vilikuwa lazima na walimu wakaletwa kutoka Uingereza. Ule ulikuwa ufahari wa kufanana na mtu mwingine, na siutamani. Lakini kuna njia nyingine. William Sanders Scarborough alizaliwa mtumwa Georgia, Marekani, mwaka 1852, na mwaka 1881 akachapisha kitabu chake cha kufundishia Kigiriki. Katika nchi ambako watu walisema Mweusi hana akili ya kujifunza lugha hiyo, yeye aliwaandikia wanafunzi sarufi yake.

Tena sisi tuna mtaji. Katika darasa langu la Kilatini wenzangu walihangaika kukumbuka kwamba kivumishi cha Kilatini hubadilika kufuata nomino yake. Mtu aliyekua akisema kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri, atahangaika na nini? Amabo, yaani “nitapenda” kwa Kilatini, ni neno moja, na nitapenda ni neno moja, mtenda na wakati vyote vimo ndani. (Zile kesi, yaani miisho ya nomino inayobadilika kufuata kazi yake katika sentensi, zilinitoa jasho, sikatai.) Siku tulipofika kwenye saa za Warumi wa kale, waliohesabu tangu jua linapochomoza, mwalimu alichora jedwali ubaoni la kubadili saa ya tatu kuwa saa tisa za Kizungu. Mimi sikunakili. Hora tertia ni saa tatu asubuhi, hora sexta ni saa sita mchana. Bibi yangu, ambaye hakuvuka darasa la nne, aliisoma Injili akajua jua lilikuwa wapi Yesu aliposulubiwa saa tatu, bila kuelezwa na mtu.

Nina daftari ninamojaribu kuitafsiri Periplus polepole. Mwandishi anasema manahodha Waarabu waliokuja Rhapta walioa wenyeji na kuijua lugha yao, na hapo nilikaa jioni nzima nikiwaza ilikuwa lugha gani. Kisha anaeleza jina la mji: limetokana na ploiaria rhapta. Tafsiri za Kiingereza huandika “vyombo vidogo vilivyoshonwa”. Nami nilianza hivyohivyo, vyombo vidogo vilivyoshonwa. Halafu nikakumbuka vyombo vya Lamu vilivyoungwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ambavyo mafundi waliendelea kuviunda hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Nikafuta maneno yote matatu, nikaandika: mitepe.