Daftari la tembo na ufunguo wa mfereji

Daftari ni la kurasa 96, jalada limekatika, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenye nalo ni mkulima wa mahindi na mpunga wa Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kwenda lango la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya maliasili hapo kijijini. Amepiga mistari kwa rula: tarehe, saa, shamba la nani, tembo wangapi, wameelekea wapi. Safu ya mwisho ameipa jina "hatua". Aliponionyesha mwezi wa nne, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani, niliisoma safu hiyo kutoka juu hadi chini. Karibu kila mstari ulikuwa na neno moja: nimeripoti.

Halipwi. Vocha ananunua mwenyewe, betri za tochi ananunua mwenyewe, na akiitwa kitongoji cha mbali mafuta ya bodaboda huchangiwa na mwenye shamba, ikiwa mwenye shamba anayo. Nilimwuliza, "Baba, kwa nini usimwachie mwingine?" Akanitazama kidogo. "Nikimwachia, simu ya saa nane usiku atapokea nani?"

Watu wa namna yake ni wengi kuizunguka Ruaha. Wapo wajumbe wa kamati za maliasili, askari wanyamapori wa vijiji, viongozi wa vikundi vya mazingira, walimu wanaowapeleka wanafunzi hifadhini kwa fedha za kuungaunga. Na kila mkutano wa kijiji unapofika kwenye "mengineyo", hoja ileile hurudi: hawa walipwe, au waendelee kujitolea? Nimezisikiliza pande zote mbili kwa miaka, na naona kila upande una kweli ambayo mwenzake hapendi kuisikia.

Niseme kwanza kwamba naipenda hifadhi hii. Sisi wa Iringa tumekua na jina lake midomoni: Ruaha ya chuo, Ruaha ya kata, Ruaha ya maduka. Lenyewe latokana na "Luvaha", neno la Kihehe la mto. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na mwaka 2008 ilipounganishwa na eneo la Usangu ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000, ikawa kubwa kuliko zote nchini mpaka Hifadhi ya Nyerere ilipoanzishwa mwaka 2019. Ukubwa huo hauwezi kulindwa na askari peke yao. Hata wangeongezwa mara tatu, mpaka wake ni mrefu mno, na wanaoishi kando ya mpaka huo ndio wanaojua nani amelala wapi.

Hapo ndipo wanaotetea kujitolea wana nguvu. Kati ya mwaka 2009 na 2014, tembo wa Tanzania walishuka kutoka zaidi ya 109,000 hadi karibu 43,000, na ukanda wa Ruaha na Rungwa ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa vibaya. Waliopitia miaka ile wanajua bunduki haiingii kijijini bila mtu kuiona. Swali ni kama aliyeiona ana wa kumwambia. Mwenye sare hawezi kuwa mtu huyo kwa urahisi, hasa tangu watumishi wa hifadhi walipoingizwa kwenye mfumo wa kijeshi. Mwenyekiti wa kamati anaweza, kwa sababu ni mjomba wa mtu, ni mwenzao wa kanisani, analima shamba linalopakana na lao. Wanaomwamini wanamwamini kwa sababu hana mshahara wa hifadhi. Ukimwandika kwenye orodha ya malipo, kesho yake ataitwa "mtu wa hifadhi", na mazungumzo pale kilabuni yatakatika akikaribia. Nimeona jambo hilo kwa macho: kijana aliyepata kibarua cha miezi sita kwenye mradi fulani alirudi kijijini akiwa na buti mpya, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemwambia kitu.

Kuna pia ugonjwa wa posho. Semina ikiwa na posho, ukumbi hujaa. Ikikosa posho, watu hukumbuka wana msiba. Miradi mingi ya uhifadhi imepita nyanda hizi na kutuzoesha hivyo. Anayekuja kwa posho huondoka na posho, na wenye hoja hii wanauliza, kwa haki kabisa, itakuwaje mfadhili akifunga virago.

Jibu la swali hilo tumeshaliona. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, wa kukuza utalii kusini, na Ruaha ikiwa kiini chake. Aprili 2024 benki hiyo ikasitisha kutoa fedha kufuatia malalamiko ya wananchi kuhusu kuondolewa kwenye maeneo yao na kutendewa ukatili, na mwaka huohuo haujaisha mradi ukafungwa. Fedha zikaondoka, chuki ikabaki. Wa kuizungumza chuki hiyo na majirani, jioni baada ya jioni, ni walewale wasiolipwa.

Na hapa nageukia upande wa pili, kwa kuwa hapo ndipo naona tunawaonea watu.

Chukua suala la kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 za malipo kwa madhara ya wanyama wakali ziliweka shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari moja iliyoliwa, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na ekari zinazohesabiwa haziwezi kuzidi tano. Aliye karibu na mpaka alipangiwa kiasi kidogo kuliko aliye mbali. Aliye ndani ya nusu kilomita hakuwekewa kitu. Aliyeuawa na mnyama, familia yake ilipangiwa kifuta machozi cha shilingi milioni moja. Viwango hivyo havikuwekwa na mwenyekiti wetu wa Tungamalenga. Lakini mama aliyeamka akakuta ekari mbili zimelazwa chini haendi Dodoma kuuliza. Anakwenda kwa mwenyekiti, na daftari ndilo anapewa kama ushahidi kwamba tukio limeandikwa. Mtu huyu amekuwa ukuta wa kuzuia hasira isiwafikie wanaohusika nayo. Kazi ya ukuta ni nzito, na haimo popote kwenye maelezo ya kujitolea.

Kisha tuulize nani anaweza kujitolea. Mjane mwenye watoto wanne hawezi kutoka saa nane usiku kwenda kupiga madebe shambani kwa mtu. Kijana anayeishi kwa vibarua hawezi kupoteza siku mbili wilayani kufuatilia fomu. Kwa hiyo nafasi hizi polepole huwaendea wenye duka, wenye ng'ombe wengi, wenye pikipiki yao. Wengine kati yao ni watu safi kabisa. Lakini palipo na ardhi ya kugawa na mapato ya vitalu vya uwindaji au kambi za watalii, kumwachia asiyelipwa mamlaka ya kuamua ni kumtega. Mkono mtupu haulambwi, na asiyepewa halali hutafuta pa kulambia. Vijiji 21 vya tarafa za Idodi na Pawaga vilijiunga chini ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, kwa matumaini kwamba wanyamapori wangekuwa mali ya kijiji kama yalivyo mahindi. Wazo hilo bado nalipenda. Lakini jumuiya ya namna hiyo inahitaji viongozi wanaoweza kuulizwa hesabu, na ni vigumu kumwuliza hesabu mtu ambaye kila siku anakukumbusha kwamba anajitolea.

Mara nyingi tunaelekezwa Afrika Kusini, kwa wale askari wa heshima wa hifadhi za taifa, ambao chama chao kilianza mwaka uleule wa 1964. Ni mfano mzuri: wanachangisha fedha, wanafundisha watoto, wanafanya doria za kusafisha, hawadai senti. Ila tuwaangalie vizuri. Wengi wao wana kazi mjini au kiinua mgongo, na Jumapili jioni wanarudi kwao. Wetu akirudi kwake, amerudi kwenye njia ya tembo. Kulinganisha kujitolea kwa hao wawili kwa neno moja ni kutowatendea haki wote wawili.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo mjadala huu wote wa Idodi na Pawaga unalikosa, nalo liko upande wa Mbeya.

Ruaha inaishi kwa mto. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulipita hifadhini mwaka mzima. Mwaka 1993 ukakauka wakati wa kiangazi, na tangu hapo kukauka kumekuwa desturi. Atakayefika hifadhini mwezi wa kumi atakuta viboko wamebanana kwenye madimbwi ya tope, migongo imepasuka kwa jua. Machi 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya mataifa kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Kisha wafugaji wakaondolewa kwa maelfu kutoka Ihefu, ardhi oevu iliyo juu ya mto, na mpaka wa hifadhi ukasogezwa. Mto bado unakatika.

Sababu yake inaeleweka. Maji hushuka kutoka Kitulo na milima ya Uporoto, huingia bonde la Usangu, hujaza ardhi oevu ya Ihefu, na hutoka kupitia kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya usawa wa mwamba ule, hakuna kinachotoka, hata kama huko nyuma kuna ziwa. Na kinachoyashusha kwa sehemu kubwa ni mifereji: ya mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, na ya maelfu ya wakulima wadogo. Mingi huendelea kuchota hata baada ya mavuno, kwa kuwa vijiji vinaitegemea kwa kunywa, kufua na bustani.

Sasa, nani anaamua usiku wa Oktoba kama lango la mfereji lifungwe au liachwe wazi? Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake hapa Iringa na hutoa vibali, lakini mwenye ufunguo mkononi ni kiongozi wa jumuiya ya watumia maji. Naye anajitolea. Hatumhesabu miongoni mwa marafiki wa Ruaha, hatumwaliki kwenye sherehe za hifadhi, hapewi fulana yenye picha ya tembo. Uamuzi wake unaweza kuwa na uzito kuliko doria za mwezi mzima.

Maoni yangu ni kwamba tusiwape mshahara. Hoja ya uaminifu wa kijiji inanishinda nguvu. Nikifikiri kuhusu yule kijana wa buti mpya siwezi kuipinga. Lakini gharama zao zirudishwe, zote, kwa risiti au kwa kiwango kilichobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: vocha, betri, nauli, mafuta. Wawe na bima, maana tembo hatofautishi mwajiriwa na anayejitolea. Wakae kwa muhula maalumu, wapishe wengine. Kuna watakaosema hesabu za gharama zitachakachuliwa. Zinaweza. Ila karatasi iliyobandikwa ukutani kila mwanakijiji anaisoma, na wanakijiji wanajua bei ya betri.

Na wajibiwe. Hili naliweka juu ya fedha. Nimezungumza na walioacha nafasi hizi, na wachache mno walitaja umaskini kama sababu. Walichosema ni kwamba walipeleka taarifa mara kumi, wala hawakusikia neno, hata neno la "tumepokea, hatuna gari". Ile safu ya "hatua" ingekuwa na majibu, mwenyekiti wa Tungamalenga angekuwa na cha kumwonyesha yule mama wa ekari mbili. Kumjibu mtu kunagharimu ujumbe mmoja wa simu.

Mwaka jana, kiangazi kikiwa kimekolea, nilikuwa Mbarali. Mwenyekiti wa mfereji mmoja alinichukua jioni tukaenda langoni. Ni bamba la chuma lenye skrubu ndefu ya kuzungusha, na kufuli iliyopigwa kutu. Alikuwa amefunga tangu asubuhi. Wanawake wawili wenye ndoo walikuwa wamemsubiri, mmoja wao shemeji yake, na bustani ya mchicha ilionekana nyuma yao ikiwa imenyauka. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akafungua kidogo, upana wa vidole vitatu, akasubiri ndoo zijae na mchicha upate chake, akafunga tena. Maji mengine yote yalipita pembeni kuelekea Ihefu.

Njiani kurudi nilimwambia habari za viboko wa kule chini. Hakuwahi kufika hifadhini hata siku moja. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kaka, mimi hufunga kila mwaka na sijui kama yanafika. Ukienda huko, nipigie uniambie."