Tunaikumbuka Ufaransa, Tumeisahau Japani

Soka la wanawake likizungumzwa kijiweni hapa Tanzania, hazipiti dakika tano kabla mtu hajaitaja Ufaransa. "Si tuliwachapa Wafaransa bwana!" Kweli tuliwachapa. Ilikuwa Oktoba 15, 2022, mjini Margao, jimbo la Goa, kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 lililofanyika India. Diana Mnally alitupia, Christer Bahera akafunga kwa penalti, Wafaransa wakaambulia moja, mpira ukaisha 2-1. Kwa timu iliyokuwa inacheza fainali hizo kwa mara ya kwanza, hilo si jambo dogo na wala sitaki kulipunguza.

Lakini siku tatu kabla, kwenye uwanja huohuo, tulicheza na Japani tukafungwa 4-0. Hiyo haitajwi. Imefunikwa kama vile haikuchezwa. Mimi naona ndiyo mechi tuliyopaswa kuikalia kitako, kuirudia polepole, na kumwonyesha kila kocha wa wasichana kuanzia Kigoma hadi Mtwara.

Niseme mapema kwamba Serengeti Girls, timu yetu hiyo ya wasichana, hawakwenda India kwa kubahatisha. Raundi ya mwisho ya kufuzu waliifunga Cameroon 4-1 kwao Yaoundé, kisha wakamalizia 1-0 pale Amaan, Zanzibar. Cameroon hao walikuwa wamecheza fainali za 2016 na 2018, kwa hiyo ni watu waliokuwa na uzoefu. Haikuwahi kutokea timu yoyote ya soka ya Tanzania, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia kabla ya mabinti hawa wa kocha Bakari Shime. Kaka zao wa Taifa Stars wanasubiri hadi leo. Na kuna kitu kilinifurahisha kuona safari hiyo inaanzia Goa, kule walikotoka mababu wa wale Wagoa waliokuwa makarani na mafundi cherehani Unguja na Dar es Salaam. Bahari ni ileile, safari hii tu tuliivuka sisi.

Kundi lenyewe lilikuwa gumu: Japani, Ufaransa, Kanada na sisi. Baada ya kuifunga Ufaransa, sare na Kanada ilitutosha ilimradi Wafaransa wasiifunge Japani, na tukaipata Navi Mumbai, 1-1, bao letu likiwa la Veronica Mapunda. Tukamaliza wa pili kwa pointi nne, Ufaransa wakabaki mkiani na pointi moja. Robo fainali tukakutana na Kolombia, tukafungwa 3-0, tukarudi nyumbani. Kolombia hao walifika hadi fainali, wakafungwa na Hispania 1-0 kwa bao la kujifunga.

Sasa turudi kwa Japani. Ukiirudia mechi ile, acha kuangalia mabao. Mwangalie msichana wa Kijapani ambaye hana mpira. Pasi haijaondoka mguuni mwa mwenzake, yeye keshatupa jicho nyuma mara mbili na keshageuza kiwiliwili. Mpira ukimfikia, mguso wa kwanza unampeleka tayari mahali ambapo hakuna mtu. Beki wetu anafika kwa kasi, kwa nguvu, kwa moyo wote, na anakuta hewa. Mbio tulikuwa nazo, miili tulikuwa nayo, na woga sikuuona. Tulichokosa ni ile nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo haipatikani kambini kwa wiki sita. Inatokana na mechi mia mbili ambazo msichana amecheza kuanzia miaka kumi, chini ya mwalimu anayemkumbusha kila siku aangalie kwanza kabla hajapokea.

Japani walifunga mabao kumi kwenye kundi letu bila kuruhusu hata moja. Kanada nao walikula nne. Kwa hiyo hatukuwa wabovu kuliko wengine. Tulikutana na watu wanaofanya kazi ya aina nyingine. Na hata hao walitolewa robo fainali na Hispania.

Watu wengi wanadhani soka la wasichana wadogo linatawaliwa na Ulaya na Marekani. Angalia orodha ya mabingwa wa mashindano haya tangu yalipoanza 2008 hadi 2025. Yamefanyika mara tisa. Korea Kaskazini imechukua mara nne, Korea Kusini mara moja, Japani mara moja. Makombe sita kati ya tisa yamekwenda Asia. Hispania ina mawili, Ufaransa moja. Marekani, ambao wakubwa wao wamechukua Kombe la Dunia mara nne, hawana hata moja la umri huu. Afrika hatujawahi kucheza mechi ya fainali. Ghana walikuwa wa tatu 2012, na Nigeria wa tatu palepale India baada ya kuwatoa Wamarekani kwa penalti.

Kwa nini Asia? Sababu moja iko wazi: wanawakusanya watoto mapema na hawawaachii. Chama cha soka cha Japani kilifungua akademia yake ya Fukushima mwaka 2006. Wanafunzi wanakaa bweni, wanasoma shule za kawaida za eneo hilo, jioni wanacheza mpira. Lilipotokea tetemeko la 2011 na ajali ya kinu cha nyuklia, hawakuifunga. Waliihamishia mkoa wa Shizuoka wakaendelea. Kwenye akademia hiyo ndiko alikokulia Momoko Tanikawa, mmoja wa wasichana waliokuwa kwenye kikosi cha Japani kule India. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ya Paris 2024, aliingia akitokea benchi akafunga bao la ushindi dhidi ya Brazil kwa shuti la mbali kwenye dakika za nyongeza. Alikuwa na miaka 19.

Mwingine ni Linda Caicedo wa Kolombia. Mwaka huo wa 2022 peke yake, akiwa na miaka 17, alicheza Copa América na timu ya wakubwa akawa mchezaji bora, akaenda Costa Rica kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 20, kisha ndipo akaja India kucheza na wenzake wa umri wake. Ligi ya wakubwa kwao alishaianza akiwa na miaka 14. Mwaka uliofuata alikuwa Real Madrid, na kwenye Kombe la Dunia la wakubwa aliwafunga Wajerumani bao ambalo hadi leo linarushwa mitandaoni. Halafu Vicky López wa Hispania, mchezaji bora wa mashindano yale ya India, leo yuko Barcelona.

Hao walikuwa uwanjani mwezi uleule na mabinti zetu. Tofauti yao na wetu siku ile haikuwa kubwa kama wengi wanavyodhani. Tofauti imekuja baada ya hapo.

Na hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu kombe la vijana linaweza kumlewesha mtu. Korea Kaskazini wana makombe manne ya umri huu, lakini timu yao ya wakubwa haikuonekana kwenye Kombe la Dunia la 2015, wala 2019, wala 2023. Mara ya kwanza walifungiwa kwa dawa za kusisimua misuli, mara ya mwisho walijitoa wenyewe kwenye kufuzu. Kwa hiyo kuwa bingwa ukiwa na miaka 16 hakukuhakikishii chochote ukiwa na 26.

Wenyeji India nao wana somo lao. Awali mashindano yale yalipangwa kufanyika 2020, yakasogezwa kwa sababu ya korona, yakafutwa, India wakapewa ya 2022. Fikiria wasichana waliokuwa wamejiandaa kwa ile ya 2020: umri ukawapita, basi. Kana kwamba hayo hayatoshi, Agosti 2022 FIFA ikakifungia chama cha soka cha India kwa kuingiliwa na watu wa nje, na kwa siku kadhaa ikaonekana wenyeji watapokonywa mashindano. Adhabu ikaondolewa kabla mwezi haujaisha. Timu yenyewe ilifungwa 8-0 na Marekani, 3-0 na Morocco, 5-0 na Brazil. Mabao kumi na sita, wao sifuri.

Nahodha wao, Astam Oraon, anatoka kijiji kimoja cha wilaya ya Gumla, jimbo la Jharkhand. Serikali ya wilaya iliamua kumheshimu kwa kujenga barabara ya kufika kijijini kwao. Waandishi wa habari walipokwenda wakawakuta wazazi wake mwenyewe wakibeba mawe kwenye barabara hiyo kama vibarua, kwa ujira wa siku. Mtoto anaongoza taifa dhidi ya Marekani, mama anabeba mawe kwenye barabara ya jina lake. Nikiisoma habari hiyo sikuona ugeni wowote. Nenda kwenye uwanja wowote wa mchangani Mbagala au Igoma uwaulize wasichana wazazi wao wanafanya kazi gani.

Ila India hawakuishia kwenye aibu ile. Mwaka 2025 timu yao ya wakubwa ilifuzu Kombe la Asia kwa kuifunga Thailand kwao, na timu zao za chini ya miaka 20 na 17 nazo zikafuzu fainali za bara lao. Waliopigwa nane wanapanda ngazi taratibu. Sisi tulioitoa Ufaransa tumefanya nini?

Nisiwe mchoyo wa sifa. Twiga Stars, timu yetu ya wakubwa ya wanawake, walikwenda fainali za Afrika zilizochezwa Morocco Julai 2025, wakatoka sare na Afrika Kusini, na wakafuzu tena za 2026. Clara Luvanga, aliyekuwa kwenye kizazi kile cha kufuzu, alipita Hispania na sasa anacheza Al Nassr ya Saudi Arabia. Simba Queens walimaliza wa nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka uleule wa India. Vipaji havijakauka. Lakini hesabu kikosi kile cha Goa mmojammoja, kisha hesabu mechi za ushindani ambazo kila mmoja alicheza kati ya Novemba 2022 na siku aliyotimiza miaka 20. Hapo ndipo Wajapani na Wakolombia walipotuacha.

Tatizo lenyewe naliona kwenye kalenda. Msichana wa miaka 16 au 17 kwetu yuko kidato cha nne. Mpira wake mwingi ni wa shule: UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), kombe la kata, mechi za Ijumaa. Novemba anafanya mtihani wa taifa, na siku anayotoka kwenye chumba cha mtihani ndiyo siku anayopoteza timu. Matokeo ni Januari. Kidato cha tano ni Julai, kama amechaguliwa. Miezi yote hiyo yuko nyumbani, anasaidia kuuza genge, anaangalia wadogo zake, na jioni uwanja wa mtaa umejaa wavulana. Klabu za Ligi Kuu ya wanawake ni chache, na kocha anayetafuta ubingwa hampangi binti wa miaka 17 mbele ya mchezaji wa kigeni mwenye miaka 25. Simlaumu, kazi yake iko hatarini. Kaka yake aliyemaliza naye shule angalau ana ndondo za mtaani kila wikiendi, na kesho yake anaonekana na klabu. Binti anaonekana na nani?

Na muda wa kutafakari umepungua, maana FIFA imebadilisha utaratibu. Tangu 2025 fainali hizi ni za kila mwaka, timu 24 badala ya 16, zote Morocco hadi 2029. Kenya walionja 2024 kule Jamhuri ya Dominika, wakaifunga Mexico 2-1, na kwa jinsi ninavyowaona hawatakubali iwe mara moja. Zamani kizazi kizima kiliweza kupitwa kwa kuzaliwa mwaka usiofaa. Sasa kila umri una nafasi yake, na kila umri unahitaji timu.

Kambi ya gharama siiombi. Naomba ligi ndogo ya wasichana wa miaka 17 hadi 20, ianze Desemba mara tu mtihani wa kidato cha nne unapoisha. Viwanja vya shule wakati huo viko wazi kwa sababu ya likizo, walimu wa michezo wanafahamika, na wachezaji wako majumbani hawana la kufanya. Timu nane kwa mkoa zinatosha kuanzia, wacheze hadi Juni. Klabu za Ligi Kuu zilazimishwe kutuma mtu wa kuangalia, tena mwenye daftari, siyo wa kuja kupiga picha na mgeni rasmi.