Nyasi za uani hazihitaji sumu

Kwa miaka mingi nilipulizia dawa ya kuua magugu kwenye nyasi za nyumbani kwangu bila kusoma yale maandishi madogo yaliyo nyuma ya chupa. Siku niliyoyasoma, mwanangu alikuwa na miezi kumi, ndiyo kwanza anatambaa. Yalisema watoto na wanyama wasiingie mahali palipopuliziwa mpaka dawa ikauke kabisa, anayepulizia avae glavu na nguo ya mikono mirefu, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Nikatupa jicho nje. Mtoto alikuwa amekaa palepale nilipopita na bomba siku mbili nyuma, amefumbata nyasi mkononi, anazipeleka mdomoni.

Dawa ilikuwa imeshakauka, na hakupata dhara lolote. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nilikuwa napulizia kwa faida gani. Mkulima ana la kujitetea: shamba likivamiwa, mavuno yamekwenda, na nyumbani kuna watu wa kulishwa. Mimi nilikuwa na rangi ya kijani tu. Nilikuwa naweka sumu mahali anapochezea mwanangu ili pawe pazuri kutazamwa kutoka barabarani.

Wapo walioliona hili mapema. Mwaka 1991 mji mdogo wa Hudson, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, ulipiga marufuku dawa zinazopuliziwa kwa ajili ya urembo wa bustani tu. Kampuni mbili za kuhudumia nyasi ziliupinga uamuzi huo, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 2001 mji ukashinda. Jimbo la Ontario likafuata mwaka 2009. Ufaransa nayo, tangu Januari 2019, haiwaruhusu watu wa kawaida kununua wala kutumia dawa za kemikali za viwandani kwenye bustani za nyumbani. Na huko kote nyasi zipo, na watoto wanazichezea.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya klova, ule mmea mdogo wa majani matatu na maua meupe. Zamani, mbegu za nyasi za nyumbani zilizouzwa Ulaya na Marekani mara nyingi zilichanganywa na klova makusudi. Mizizi yake inaishi na bakteria wanaoivuta naitrojeni kutoka hewani na kuiingiza kwenye mmea, kisha majani na mizizi inapooza, nyasi jirani zinakula. Mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili ikaingia sokoni dawa ya 2,4-D, inayoua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Dawa hiyo haina uwezo wa kumbagua klova na magugu mengine, kwa hiyo klova naye akafa. Badala ya watu kuilaumu dawa, klova akaitwa gugu. Nyasi zikabaki na njaa, na naitrojeni ikaanza kununuliwa kwa mifuko. Mara ngapi mimi mwenyewe nimemng'oa klova nikiamini nasafisha!

Kuhusu afya, wataalamu wanabishana. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifosati, dawa nyingine ya kuua magugu, kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu, na 2,4-D kwenye kundi la chini yake, la vitu vinavyoshukiwa. Mamlaka ya mazingira ya Marekani haikubaliani na uamuzi huo kuhusu glaifosati. Kama ningekuwa naitegemea dawa hii kwa riziki yangu, ningeufuatilia mjadala huo mpaka mwisho. Kwa nyasi za mapambo sina sababu ya kusubiri.

Basi nikaacha, dawa na mbolea ya chumvichumvi kwa pamoja. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchukua jembe na kukata kipande cha ardhi cha ukubwa wa sahani, nikakiinua na nyasi zake. Mizizi ilikuwa mifupi kuliko kidole gumba. Chini yake udongo ulikuwa mgumu kama tofali, rangi moja, hauna harufu yoyote, na hapakuwa na nyungunyungu hata mmoja. Pale ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikifanya. Nilimwaga mbolea juu kila mara, nikamwagilia maji kidogo kila siku, kwa hiyo nyasi hazikuwa na haja ya kupeleka mizizi chini. Jua likichoma siku tatu tu, zilikuwa zinageuka njano, nami nakimbilia mfuko mwingine.

Badiliko kubwa kuliko yote halikunigharimu kitu: nilipandisha kisu cha mashine. Nyasi zinapokatwa karibu na ardhi, mwanga unafika chini na kuziamsha mbegu za magugu zilizolala. Zikiachwa ndefu kidogo, zenyewe zinatia kivuli, na mizizi inashuka. Ukoka unavumilia kukatwa hadi sentimita tatu au nne. Nyasi nyingine nyingi, hasa za nchi za baridi, hupenda saba au nane. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja, na kinoe kisu, maana kisu butu kinachana majani na kuacha ncha zilizokauka. Nyasi zilizokatwa ziache hapohapo. Sehemu kubwa ni maji, zinaoza upesi na kurudisha naitrojeni ardhini. Mimi nilikuwa nazikusanya kwenye mifuko na kuzitupa, kisha naenda kununua kilekile nilichotupa.

Baadaye nikachukua uma wa bustani, nikawa nachoma ardhi kina cha sentimita kumi hivi, nautikisa, nasogea hatua, nachoma tena. Ni kazi ya jasho. Juu yake nikatandaza mboji iliyochekechwa, unene usiozidi sentimita moja, nikaisukuma kwa fagio iingie mashimoni. Samadi pia inafaa ila iwe imeoza vizuri. Mbichi inaunguza na inaleta mbegu za magugu. Maji nayo nikapunguza siku, nikaongeza kiasi: mara moja au mbili kwa wiki, asubuhi, hadi jumla ya sentimita mbili na nusu hivi pamoja na mvua. Kopo tupu likiwekwa katikati ya uwanja linatosha kupima.

Sitaficha kwamba msimu wa kwanza ulikuwa mbaya. Nyasi zilizozoea chumvichumvi zilififia, yakatokea mabaka, na magugu yakaona nafasi. Jirani aliniuliza kama nimesafiri. Wengi hukata tamaa hapa na kurudia chupa, na nawaelewa. Ardhi inahitaji muda wa kufufuka, na muda huo hauonekani kwa juu.

Ndago ndiye aliyenisumbua kuliko wote. Ukimvuta anakatika, na kile kitunguu chake kidogo kinabaki chini na kuchipua upya, mara nyingine na wenzake kadhaa. Niliambiwa nimwagie siki. Siki inaunguza majani tu. Wiki mbili baadaye alikuwa amesimama. Mwingine akanishauri chumvi. Hapo nilikataa, na wewe ukatae, kwa sababu chumvi inaharibu udongo kiasi kwamba hata nyasi unazozitaka hazitaota. Watu wanaposema "asilia" wanadhani wamesema "salama", na si kweli. Ndago anatoka kwa kuchimbwa, ardhi ikiwa na unyevu, kwa kisu kirefu kinachofika chini ya kitunguu, na kurudi tena kila anapochungulia, kabla hajapata nguvu ya kutengeneza vitunguu vingine. Bado yupo kwenye kona moja karibu na ukuta. Tunaendelea.

Mvua za mwaka wa pili zilipokatika nilichimba tena kipande kingine, hatua chache kutoka kile cha kwanza. Mizizi ilikuwa imefika urefu wa kiganja. Udongo ulivunjika mkononi, mweusi, wenye harufu ya msitu baada ya mvua, na nyungunyungu watatu wakajikunja kukimbia mwanga. Charles Darwin, aliyewachunguza viumbe hawa kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1881 kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza nyungunyungu hupitisha miilini mwao na kuleta juu zaidi ya tani kumi za udongo kwa kila ekari, kila mwaka. Kwa hiyo ule uma sijaushika tena tangu hapo. Klova amerudi mwenyewe upande wa kivulini, na akichanua nyuki wanakuja, kwa hiyo mwanangu tumemfundisha kuvaa viatu akipita pale.

Jambo la mwisho ni ile chupa, maana anayeacha hubaki nayo na hajui aipeleke wapi. Usiimwage kwenye sinki, chooni wala mtaroni. Maji hayo yana pa kwenda. Usiihamishie kwenye chupa ya kinywaji hata kwa siku moja, kwa sababu watoto wamekunywa sumu kwa njia hiyo. Iache kwenye chombo chake chenye maandishi, ifunge vizuri, iweke juu mahali pa kufungwa, kisha uulize mamlaka ya eneo lako taka hatari zinapokelewa wapi na lini. Yangu ilikaa kwenye rafu ya juu ya stoo miezi saba. Niliikabidhi ikiwa imejaa hadi nusu.