Kichocho ni kimoja au viwili?

Juzi nimekaa mwaloni Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mvuvi mmoja anasema yeye hana kichocho, ule ugonjwa wa minyoo, sababu mkojo wake safi, haujawahi kutoka damu, na wenzie wote wakamuunga mkono. Nikabaki najiuliza hivi haya mambo ya kuainisha minyoo yanamsaidia nini mtu wa ziwani au ni ya watu wa maabara tu.

Wanaosema ni ya maabara wana hoja bwana. Dawa yake, prazikwanteli, inapiga kichocho cha mkojo na cha tumbo, haiulizi jina, mtoto anapimwa urefu kwa ile fimbo ya kukadiria dozi shuleni anapewa vidonge basi. Na wataalamu wenyewe waligombana: daktari Bilharz alimuona mnyoo wa kichocho Cairo 1851, halafu 1907 mtaalamu mwingine, Sambon, akasema yale mayai yenye mwiba ubavuni, ya kichocho cha tumbo, sio ya huyu wa mkojo ambaye mayai yake yana mwiba mwishoni, akampa yule wa tumbo jina la peke yake, mansoni, mwenzao Looss aliyekuwa Misri akakataa katakata, kwake mnyoo ni yuleyule. Na siku hizi wa binadamu na wa ng'ombe wameonekana kuzaa machotara, sasa hapo mpaka unauchora wapi?

Ila mimi niko na Sambon. Ugomvi ulikatwa 1915 mtafiti Leiper alipoonyesha kila mmoja ana konokono wake wa kukulia kabla ya kumwingia mtu. Ziwani anatamba mansoni maana konokono wake, yule bapa kama kifungo, yupo humu, wakati kile cha mkojo kinawasumbua zaidi wanaokaa mbali na ziwa, kwenye malambo na majaruba ya mpunga huko Kwimba na Shinyanga. Na mayai ya mansoni yanatokea kwenye choo kikubwa! Kwa hiyo yule jamaa hata akojoe maji ya chupa, hajajipima bado.

Kinachoniudhi zaidi ni ile "minyoo ni minyoo". Mtu kanunua albendazoli dukani anasema kasafisha tumbo, kumbe ile ni ya minyoo ya mviringo, huku mnyoo bapa wa kichocho katulia kwenye mishipa ya damu, dume kamkumbatia jike wanataga mayai tu. Hata hao bapa hawafanani, tegu anakufa kwa prazikwanteli, yule wa ini la ng'ombe wala haimtikisi.

Jamaa nikamwambia apeleke choo maabara. Akacheka, akaniuliza kama kopo nitamshikia mimi.