Estrojeni "nzuri" na "mbaya": kipimo kimetangulia ushahidi

Wauzaji wa virutubisho wanaotangaza tiba za "mvurugiko wa homoni" mitandaoni wamepata hoja mpya. Pima mkojo, wanasema, ujue kama mwili wako unaigeuza estrojeni, homoni ya kike, kuwa "nzuri" au "mbaya", kisha nunua vidonge vya kurekebisha mambo kabla hayajawa saratani ya matiti. Ni rahisi kulicheka dai hili na kupita. Mimi silicheki, kwa sababu nusu yake ni sayansi halisi.

Kazi kubwa ya kuvunja estrojeni hufanywa na ini. Vimeng'enya vyake hubandika kipande kidogo cha oksijeni na haidrojeni kwenye homoni, na mjadala wote uko kwenye mahali kinapobandikwa. Kikikaa kwenye kaboni namba 2, zao lake lina nguvu ndogo ya kuchochea seli za titi. Kikikaa kwenye namba 16, nguvu ya kuchochea hubaki kubwa. Namba 4 ndiyo ya kutisha zaidi: zao lake linaweza kugeuka kuwa kwinoni, kemikali inayong'ang'ania DNA na kunyofoa vipande vyake. Mwili nao haukukaa bure. Kimeng'enya kiitwacho COMT hulifunga zao hilo mapema lisifike huko, ingawa hakifanyi kazi kwa kasi ileile kwa kila mtu.

Mwaka 1982 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliripoti kwamba wanawake wenye saratani ya matiti walikuwa wakipitisha estrojeni nyingi zaidi kwenye njia ya 16 kuliko wanawake wasio na ugonjwa huo. Kutokana na kazi za namna hiyo ukajengeka uwiano wa 2 kwa 16, ambao ndio unaouzwa leo. Ila wanawake wale tayari walikuwa wagonjwa, na kwa mgonjwa huwezi kujua kipi kimeleta kingine. Zilipokuja tafiti za kuchukua mkojo au damu ya wanawake ambao bado hawajaugua na kuwafuatilia kwa miaka, majibu yaliyumba: baadhi ziliona uwiano mkubwa ukiendana na hatari ndogo kidogo, nyingine hazikuona kitu.

Halafu kuna sigara, jambo ambalo watetezi wa uwiano hulipita haraka mno. Mwaka 1986 ilionekana kuwa wanawake wavutaji hupitisha estrojeni kwenye njia ya 2 kwa takribani nusu zaidi ya wasiovuta. Kwa hesabu ya mkojo, basi, mvutaji ndiye mwenye majibu ya kujivunia! Niwe mkweli: saratani ya mfuko wa uzazi kweli huonekana kidogo zaidi kwa wavutaji. Lakini matiti yao hayapati ulinzi wowote, na mapafu ndiyo usiseme.

Ushahidi bora kwa upande wa watetezi ulitoka Marekani mwaka 2012. Watafiti walipima damu iliyohifadhiwa ya wanawake waliokwisha koma hedhi, iliyochukuliwa kabla yeyote hajaugua. Waliokuwa wakipeleka sehemu kubwa ya estrojeni yao kwenye njia ya 2 walikuwa na hatari pungufu kwa karibu theluthi moja. Mazao ya njia ya 4 yaliyobaki bila kufungwa, yakilinganishwa na yaliyofungwa, yaliendana na hatari zaidi, kama nadharia ya kwinoni ilivyotabiri. Kwa hiyo anayesema njia hizi hazina maana yoyote anakosea. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba wenye estradioli (estrojeni yenye nguvu zaidi) nyingi zaidi kwenye damu walikuwa na hatari takribani mara mbili ya wenye kidogo. Uchambuzi wa mwaka 2002 uliounganisha tafiti 9 ulikuwa umekwisha sema vivyo hivyo.

Kwangu mimi hapo ndipo mizani inapoelemea: wingi wa homoni una uzito kuliko njia inayopita. Na wingi huo unajulikana unakotoka. Hedhi ikishakoma, estrojeni hutengenezwa zaidi kwenye mafuta ya mwili, ndiyo maana unene katika umri huo huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya mfuko wa uzazi. Pombe nayo huongeza. Kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa takribani asilimia 4 kwa kila miezi 12, idadi ya watoto ikiwa imeshahesabiwa kando.

Hata hesabu ya wingi, hata hivyo, haijanyooka. Jaribio kubwa la Marekani lililosimamishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba estrojeni ikitolewa pamoja na projestini, dawa inayoiga homoni ya projesteroni, huongeza saratani ya matiti. Katika jaribio sambamba, wanawake walioondolewa mfuko wa uzazi na kupewa estrojeni peke yake waliugua saratani hiyo kidogo zaidi kuliko waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa.

Vidonge vinavyouzwa pamoja na kipimo mara nyingi ni DIM, kitu kinachotengenezwa tumboni mtu anapokula sukuma wiki, kabichi au brokoli. Mboga ikikatwa au kutafunwa, kimeng'enya chake huachia malighafi ya DIM. Ikichemshwa sana na maji yakamwagwa, nyingi hupotea. Sina ugomvi na sukuma iliyokaangwa haraka. Ugomvi wangu ni na kidonge, hasa kwa mwanamke anayetibiwa saratani.

Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2017, wanawake waliokuwa wakitumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, walipewa DIM au kidonge bandia. Uwiano wa 2 kwa 16 ulipanda kwa waliopewa DIM, kama matangazo yanavyoahidi. Wakati huohuo kiwango cha endoksifeni kwenye damu yao kilishuka, nayo ndiyo sura ya tamoksifeni inayofanya kazi kubwa ya kuizuia estrojeni isichochee uvimbe. Jaribio halikuonyesha kwamba ugonjwa ulirudi kwa sababu hiyo. Ila mgonjwa wa namna hiyo akipeleka mkojo wake kupimwa, karatasi ya majibu itamwambia kuwa anaendelea vizuri.