Nimeokoka, au nimeokolewa?

Mwezi uliopita nilikuwa msibani Tabata, jioni moja kabla ya mazishi. Marehemu alizaliwa na kulelewa Mkatoliki, ila miaka yake ya mwisho alikuwa akisali na walokole. Wanajumuiya wakaja na rozari zao, wakamwomba Mungu amsamehe makosa yake na ampe pumziko la milele. Walipomaliza tu, mdogo wake wa kiume akasimama chini ya turubai. "Tunawashukuru sana, lakini dada hana haja ya kuombewa. Dada aliokoka. Tuna uhakika alipo." Mama mmoja mtu mzima, rozari bado imezungushwa kiganjani, akamjibu kwa upole: "Mwanangu, na huo uhakika nani kakupa?" Vijana wa jikoni wakaleta chai na maandazi, maneno yakaishia hapo.

Yule kijana hakutunga kitu kutoka kichwani. Waraka wa kwanza wa Yohana, 5:13, unasema umeandikwa "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele". Mjue, si mdhanie. Na katika Injili ya Yohana 10:28 Yesu anasema kondoo zake hawatapotea kamwe, wala hakuna atakayewapokonya katika mkono wake. Mtu akisoma hapo kisha akaambiwa kwamba kuwa na uhakika ni kiburi, ana haki ya kushangaa.

Lakini mama naye ana Biblia. Paulo aliwaandikia Wakorintho: "anayejidhania kuwa amesimama na aangalie asianguke." Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitamka kwamba hakuna awezaye kujua, kwa uhakika wa imani usioweza kukosea, kwamba amepata neema ya Mungu, wala kwamba atadumu hadi mwisho asipofunuliwa jambo hilo kwa namna ya pekee. Walokole wengi husikia hapo fundisho la hofu. Mimi naona jibu zuri la Kikatoliki lilitoka mapema zaidi, mwaka 1431, kwa binti asiyejua kusoma. Joan wa Arc, shujaa wa Kifaransa aliyeshtakiwa kwa uzushi, aliulizwa na mahakimu wake kama yumo katika neema ya Mungu. Ulikuwa mtego: akisema ndiyo ni kiburi, akisema hapana amejihukumu. Akajibu kwamba kama hayumo, Mungu amtie. Kama yumo, Mungu amhifadhi humo. Hiyo si hofu. Ni mtu anayejua amkabidhi nani jambo lake.

Sasa twende Kawe, viwanja vya Tanganyika Packers. Jirani yangu amenyoosha mkono pale mara nne, katika mikutano minne ya injili. Kila mara ameongozwa sala ya toba, kila mara ameandikisha jina, namba ya simu na mtaa anaokaa. Nilipomuuliza kwa nini mara nne, alisema: "Ile ya kwanza sikusikia kitu. Wenzangu walilia, mimi nikawaza daladala ya kurudia." Na ya nne? "Nililia. Ila baada ya wiki mbili nikagombana na mama mwenye nyumba, nikaona bado." Huyu anakaa katika kanisa linalohubiri uhakika kila Jumapili, na sijaona mtu mwenye wasiwasi kama yeye. Kasoro ni kwamba ameelekezwa kuutafuta uhakika kwenye machozi yake na mwenendo wake wa wiki mbili.

Hayuko peke yake. John Wesley, baba wa Wamethodisti, tarehe 24 Mei 1738 alikuwa kwenye mkutano mdogo wa Aldersgate, London, akahisi moyo wake umepata joto la ajabu na kupewa hakika kwamba dhambi zake zimeondolewa. Mapema Januari 1739 aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Miezi minane haikutimia!

Wafuasi wa John Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16, wana dawa nyingine: aliyeokolewa kweli hawezi kupotea, na akianguka moja kwa moja, basi hakuwa ameokolewa tangu mwanzo. Inapendeza mpaka ujiulize usiku, je, mimi ni yupi kati ya hao? Swali limerudi lilipotoka.

Nadhani sehemu ya tatizo iko kwenye neno letu lenyewe. "Umeokoka?" ni swali lililoenezwa na Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia kwetu kupitia Bukoba, hata jina "walokole" ni la Kiganda. Kuokoka ni kama kuvunjika au kufunguka: tendo limetokea, mtendaji hatajwi. Biblia ya Kiswahili hulitumia pia, ndilo Paulo alilomwambia askari wa gereza la Filipi. Lakini katika nyaraka zake nakutana zaidi na kuokolewa, tena katika nyakati zote: "tuliokolewa" (Warumi 8:24), "mmeokolewa" (Waefeso 2:8), "tunaookolewa" (1 Wakorintho 1:18), "tutaokolewa" (Warumi 5:9). Kijana wa Tabata alishika mbili za kwanza, mama akashika ya mwisho. Anayesema "nimeokoka" hujikagua mwenyewe kuona kama kweli. Anayesema "nimeokolewa" analazimika kumtazama aliyemwokoa.

Kwa hiyo jirani yangu sikumwambia asinyooshe mkono tena. Nilimwambia alivyofanya Luther aliposongwa na mashaka: alijikumbusha kwamba amebatizwa, jambo alilofanyiwa na Mungu wala halikutegemea siku hiyo alijisikiaje. Akacheka. "Nyie Walutheri mnajua kujitetea."

Linabaki gumu moja, nalo sijalimaliza. Hakuna awezaye kunipokonya mkononi mwake, sawa. Je, mimi mwenyewe siwezi kuuachia? Waebrania 6, inayowataja watu walioonja kipawa cha mbinguni kisha wakaanguka, inanizuia nisijibu haraka. Hapo Wakatoliki, Wamethodisti na Wapentekoste wengi wanajikuta benchi moja bila kupanga: mtu anaweza kuondoka. Nami, pamoja na ubishi wangu wote, naegemea huko. Kama yule mama angenigeukia mimi badala ya yule kijana, ningemwambia najua niko mkononi mwa nani leo. Kuhusu kesho ningeomba kama Joan, halafu ningepokea chai.