Mshahara Wangu Ulivyotokea Kondoa

Niseme mapema: mshahara wangu sitautaja hapa. Umeshasomwa na watu wa kutosha.

Ofisi yetu ni ya upimaji wa ardhi, iko Area D, Dodoma. Tuko saba pamoja na mlinzi. Mimi nimeajiriwa kama mpima, ila ufundi wa kompyuta nimeupata kwa ajali. Siku moja nilichomoa waya wa printa nikauchomeka tena, ikafanya kazi, na tangu hapo cheo kikaniganda. Seva yetu ni kompyuta ya mezani iliyokula chumvi, inakaa miguuni mwa katibu muhtasi, na katibu kaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua kwa sababu ya vumbi. Anayelijua vumbi la Dodoma la Agosti hawezi kumcheka.

Madam, bosi wetu, akataka tuweze kufungua mafaili ya ofisi tukiwa saiti Chamwino au nyumbani. Nikamwambia hiyo ni VPN, njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti kuiunga kompyuta ya mbali na mtandao wa ofisi, kazi ndogo tu. Neno VPN likamshtua. Alikuwa analikumbuka tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023, lile lililowataka wanaotumia VPN katika shughuli zao watoe taarifa. Hakuniruhusu kugusa kibodi mpaka taarifa zikaandikwa, zikapigwa muhuri na kutolewa kopi mbili. Madam anaamini kitu kisichokuwa na kopi mbili hakijatokea.

Hiyo kazi ndogo ikala wiki tatu. Mbili ziliteketea kwenye ruta ya laini ya simu tuliyokuwa nayo. Kila nikiichungulia naona imepewa anwani ya mtandao, ile namba ambayo mashine huitwa kwayo, ya 100.72 na kuendelea, na mimi nafurahi kabisa kwamba tuna anwani. Kumbe zile za kuanzia 100.64 hadi 100.127 mtoa huduma anazigawa ndani kwa ndani, wateja kibao mnatokea mlango mmoja. Ni kama sanduku la posta la shule ya bweni: barua zenu zinatoka vizuri tu, ila mgeni anayekuja kukutafuta anaishia getini. Tukahamia faiba, tukalipia anwani yetu wenyewe isiyobadilika, nikafungua kwenye ruta mlango wa 1194, namba ambayo VPN huingilia, na kuweka OpenVPN, programu ya kazi hiyo.

Siku ya majaribio nikatoka nje, nikasimama chini ya mwarobaini, nikawasha hotspoti ya simu, nikabonyeza. Seva ikafunguka kwa anwani yake ya humo ndani ya VPN, 10.8.0.1. Nilipiga kelele hadi mlinzi akashika rungu. Nikarudi ndani nikakaa kwenye kiti changu, laptopu ikaikamata wifi ya ofisi yenyewe, nikatuma karatasi moja kwenye printa. Ikatoka. Nikamwambia Madam imekamilika.

Rudi uisome tena aya hiyo. Mimi sikuirudia, na ndiyo iliyoniponza.

Mwisho wa mwezi nikaenda Kondoa kwa habari ya posa. Barua ilishatangulia, mjomba wangu ndiye mshenga, kikao kilikuwa Jumamosi. Mimi nikafika Ijumaa, nikafikia kwa binamu yangu mwenye steshenari karibu na stendi. Duka lile nililifunga mitambo mimi mwenyewe, ruta na printa, na binamu hulipa fadhila kwa soda. Sijakaa sawa, Madam akapiga.

"Baba, orodha ya mishahara. Inatakiwa saini mbili, muhuri, na iwe benki kabla hawajafunga. Katibu haioni."

"Ninayo mimi Madam, iko kwenye seva. Naitoa hapo hapo kwenye printa yako. Kaa tu hapo uisubiri."

Lile neno "hapo hapo" nililisema kwa mbwembwe, kwa sababu binamu alikuwa anasikia. Nikatoka na laptopu kwenye benchi la nje, nikashika wifi ya duka, VPN ikaunga mara moja. Faili lile pale. Nikabonyeza kuchapa.

"Haijatoka," akasema Madam.

Nikabonyeza tena. "Haijatoka." Nikamwambia azime printa aiwashe. Akamtuma mlinzi akaangalie kama karatasi zipo. Zipo. Nikabonyeza. Katibu akaambiwa aipige kofi kidogo ubavuni. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mara sita, ya mwisho kwa hasira, kana kwamba hasira zinapita kwenye faiba.

Muda wote huo, nyuma yangu ndani ya duka, nilikuwa nasikia mashine ikihema: krrr, krrr, tap. Nikawaza, binamu leo kazi imemchanganyia. Mzee mmoja wa kanzu, miwani yake upande mmoja imefungwa kwa uzi, akatoka na bahasha nene. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaniitikia, "Marahaba mwanangu," akanitazama kidogo zaidi ya ilivyolazimu, akapanda bodaboda.

Nikaingia ndani kuomba chaja. Kwenye trei ya printa kuna karatasi moja imejikunja pembe. Juu yake kuna nembo ya ofisi yetu. Chini ya nembo kuna jina la Madam, la mhasibu, la katibu, langu, la mlinzi.

"Hii nini?"

"Aa, viambatanisho vya yule mzee," binamu akajibu huku anapanga bahasha. "Kaja kutoa kopi za barua, na hizo zilikuwa zinatoka humo humo. Nimempigia pini vizuri, kila barua na karatasi yake. Hiyo imejikunja, nimeiacha."

"Barua gani?"

Binamu akanyamaza. Naye ndiyo kwanza alikuwa anafikiri.

Ilikuwa barua yangu ya posa. Mzee alikuwa baba mkubwa wa binti, na kopi tano zilikuwa za wazee watano wa kikao. Na alilipia kurasa zote, zangu pamoja na zake.

Madam nilimtumia faili kwa WhatsApp kwenye simu ya katibu, likachapwa dakika hiyo hiyo, jambo lililokuwa linawezekana tangu mwanzo.

Usiku sikulala, nikachimba. Zile anwani zinazoanza na 192.168 hazina mwenyewe. Kila ruta inaruhusiwa kuzitumia nyumbani kwake, kama kila mtaa unavyoweza kuwa na Mama Juma wake. Ukisimama Kondoa ukaita "Mama Juma!", hawezi kuitika wa Dodoma. Sasa mimi nina tabia: kila ninapofunga mtandao, printa huwa naipa 192.168.1.50. Ofisini 50, kwa binamu 50. Na printa zenyewe ni pacha, nilizinunua siku moja, mtumba, Kariakoo, kwa hiyo wala haikugoma kwa kutoijua lugha. Seva ilifunguka kwa sababu yenyewe niliiita kwa 10.8.0.1, jina ambalo Kondoa hakuna mwenye nalo. Tena kwenye faili la mfano la OpenVPN, mstari wa kumwelekeza mteja njia ya kufika mtandao wa ofisi unakuja umelazwa, una nukta-mkato mbele, na ukiutaka unaifuta uamke. Mimi nilibadilisha namba zote za mstari ule kwa uangalifu mkubwa. Nukta-mkato nikaiacha. Siku ya majaribio printa iliitika kwa sababu nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka ilipo.

Jumamosi, muoaji haingii kikaoni. Nikajibanza kwenye pikipiki ya binamu, chini ya dirisha.

Mjomba akafungua kwa kunipamba. Kijana wetu ndiye anayeshika mitambo yote ya ofisi, bila yeye Dodoma haipimwi. Nikasikia karatasi zinafunuliwa, nyingi kwa pamoja.

"Mshenga," akasema mzee wa miwani ya uzi, "sisi kwanza tunashukuru. Tumeoza mabinti wengi, hatujawahi kuletewa barua yenye viambatanisho. Kijana kajianika mwenyewe."

Mjomba, asiyejua lolote, akasema ndivyo tulivyomlea.

"Ila huyu mshika mitambo kamzidi mlinzi kidogo sana."

Kimya. Sauti nyingine ikasoma polepole, kama anayesoma dawa: "NSSF, asilimia 10. Bodi ya Mikopo, asilimia 15. Bodi ya Mikopo ni akina nani hawa, ukoo?"

"Alikopa asome," mjomba akajitetea.

"Na hapa pameandikwa: mkopo wa ofisi, mabano, godoro."

Hapo walicheka mpaka mmoja akakohoa, na mimi pikipiki ikaniponyoka ikagonga ukuta. Hakuna aliyetoka kuangalia. Nadhani walijua.

Walikuwa wamepanga kutaja ng'ombe wanane. Wakashuka hadi watano, na wawili kati ya hao watolewe taratibu, "Bodi ikishamalizana naye." Mjomba alitoka uso umemjaa ushindi, akaniambia hajawahi kujadili mahari vizuri namna ile maishani mwake.

Ofisini nimeifuta nukta-mkato, na mtandao wote nimeuhamishia kwenye namba ambazo hata mimi nazisahau. Madam hajui kitu. Tatizo ni baba mdogo mmoja wa Kondoa, mjane, ambaye kikao kilipokuwa kinafungwa alikuwa bado ameshika karatasi yake. Akamuuliza mjomba: huyu mama wa mstari wa kwanza, mwenye tarakimu nyingi, ana mwenyewe? Mjomba akamjibu hana uhakika, ila yuko kijana wa kuulizia. Wiki hii nimeshapigiwa simu mara mbili.